Mama Mkwe Chini ya Blanketi

Kama kuna kitu kilichomtia Venanti Nduwayezu wazimu kuliko simu zilizoiua studio yake pale Kasulu mjini, basi ni kamera yake ya zamani. Iligoma ikiwa na mkanda tumboni, na ndani ya mkanda huo mlikuwa na picha ya mama mkwe wake, ambaye hakupigwa nyingine hata moja mpaka alipozikwa. Mkewe, Winifrida, alikuwa haulizi tena. Aliitazama kamera, akamtazama mumewe, akarudi kwenye maharage yake. Bora angegomba.

Asubuhi hiyo Venanti alikuwa mezani nyumbani kwake Heru Juu, miwani puani, bisibisi ya fundi saa mkononi. Sasa jaribu kufungua kamera mahali ambapo kila mpita njia lazima aingie kusalimia! Na salamu za huku hazikatwi katikati: umeamkaje, watoto je, mbuzi je, mihogo je. Akiwa anaitikia habari za mihogo, skrubu ilimponyoka ikazama kwenye ungo wa maharage.

"Mihogo ni mizima," alifoka, "skrubu ndiyo imefariki!"

Ndani alikuta jino la gia limekatika. Mkanda hauendi mbele, haurudi nyuma. Ilibaki kuufungua mgongo wa kamera gizani, auviringishe mkanda kwa vidole na kuufungia kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Ukipigwa na mwanga, kwaheri picha. Angengoja usiku, lakini mdogo wake, Manirambona, alikuwa anapita adhuhuri ile na lori la kwenda Mwanza, kwa mtu pekee waliyemjua ambaye bado alisafisha mikanda, na mtu huyo alikuwa anafunga duka wiki hiyo.

Winifrida akaenda barabarani kulisubiri lori. Venanti akafunga milango na madirisha. Bati lenyewe lilikuwa na matundu kama chujio, kwa hiyo akapanda kitandani, akajifunika mablanketi matatu gubigubi na kamera yake. Joto likamkamata. Mkanda ukanasa, naye akaanza kuulaani kwa Kirundi, kwa sauti nzito.

Pelagia, jirani yao, alikuwa anapita. Nyumba iliyofungwa mchana na mtu anaguna ndani ina maana moja tu kijijini. Akasukuma mlango wa jikoni, ambao haukuwa na komeo, akamwita na Mwanahawa wa dukani.

"Shemeji! Yesu wangu, anatetemeka!"

"Tokeni! Siumwi! Msiguse blanketi!"

"Na jasho lote hili?"

"Msifunue, nawaambia! Mama mkwe yumo humu!"

Wanawake wakatazamana. Mama mkwe alikwishazikwa zamani. Malaria imempanda kichwani.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Pelagia, akayavuta mablanketi yote kwa mkupuo mmoja.

Winifrida alipoingia alimkuta mumewe ameketi kitandani, mkanda umemwagika magotini, jua la mlangoni limeulamba wote. Nje lori lilikuwa linapiga honi. Hakuna aliyekwenda.

Pelagia alipoelezwa alishika mdomo. "Nisamehe, dada. Nami sikumkuta. Mama alifananaje?"

"Alikuwa mwembamba," alisema Winifrida. "Alijifunga kitenge cha..." Akautazama mkanda. "Sura inanipotea. Kila mwaka inapungua. Ndiyo maana niliitaka ile picha."

Hapo Venanti akalipuka. Alikuwa amechoka, amelowa, ana hasira na dunia nzima.

"Inakupoteaje? Mtu msumbufu namna ile! Nilimweka kivulini, akahamia juani. Nikamwambia inua uso, akainamisha. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, kila nikiwa tayari analifumba. Na mdomo! Ana pengo hapa juu, basi anavuta mdomo kuliziba, anakuwa kama mtu aliyelamba ndimu. Nikamwambia, mama, cheka. Akasema picha si harusi. Alinichosha yule mama, nimemtazama kwenye kioo cha kamera mpaka macho yakaniuma!"

Winifrida alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Bila kujua, alikuwa amevuta mdomo wake wa juu kuziba pengo ambalo hakuwa nalo.

"Endelea, Baba Niyitegeka," alimwambia mumewe. "Mgombeze tena."