Mama Alipoifunga Injini ya Baba

Leo nimemimina mafuta ya taa kwenye jiko, harufu ikanirudisha uani kwetu Somanga. Mama anaosha pistoni za gari la mashindano la baba kwa mafuta ya taa. Injini ilikuwa imekufa, baba kalala ndani na mguu uliovunjika, na mafundi walishauri iuzwe kama chuma chakavu. Mama akaifungua mwenyewe, akapanga kila nati mkekani, akabadilisha ringi, akaifunga upya kwa siku tisa.

"Shemeji, hiyo si mashine ya kukoboa," jirani alimtania.

"Ndiyo maana naenda taratibu."

Alipoiwasha, ilinguruma hadi kuku wakaruka ua. Baba akaita kutoka dirishani, "Fundi, punguza mafuta kidogo!"

Tangu siku ile, baba hakuwahi kumwita mtu mwingine fundi.