Kombeo Uwanjani

Ipo siku moja ya usichana wangu, mwanangu, ambayo ikinijia kichwani siwezi kubaki kwenye kiti, lazima ninyanyuke. Na safari hii mmenirudishia nyinyi wenyewe, pale Mikumi kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, mlipokuwa mnatazama Olimpiki na kupigiana kelele mpaka mtangazaji hasikiki. Mmoja anasema breki dansi siyo mchezo, itolewe. Mwingine anamjibu kwamba kama farasi anaruhusiwa kucheza dansi Olimpiki, binadamu kakosa nini? Wa tatu anataka mchezo wa bao la kete uingizwe. Msichana mmoja kwenye kona akapaza sauti kwamba akisikia rede, ule mchezo wetu wa kukwepa mpira, imeingia, yeye anaanza mazoezi kesho asubuhi. Halafu binamu yako akachokonoa simu yake, akatusomea kwamba kuvuta kamba kulikuwamo Olimpiki zamani, kukatolewa. Nilipiga paja langu kwa furaha mpaka mkaniambia, "Bibi, tulia, presha itapanda."

Haikupanda. Nilikuwa nimefurahi tu. Mlitaka kujua niko upande gani nami sikuwajibu, maana wenye kibanda walikuwa wanafunga. Sasa kaa hapa nikujibu vizuri, na usiniharakishe, hadithi yangu ina kona zake.

Mimi ni mtoto wa Tindiga, unajua. Kwetu ni mpunga. Mpunga ukianza kubeba punje, ndege wanashuka kundi zima, na usipokuwa macho wanakuachia mabua. Kwa hiyo watoto wote tulikuwa tunaamia: unakaa juu ya kichanja katikati ya majaruba ya mpunga, una kombeo mkononi na rundo la madonge ya udongo miguuni. Kombeo lenyewe ni kamba tuliyosuka kwa katani, katikati ina kitanda kidogo cha kuwekea donge. Unalizungusha juu ya kichwa, unaachia ncha moja, donge linaondoka na mlio wake. Wenzangu walikuwa wanarusha ili ndege waruke tu. Mimi nilikuwa nachagua bua nitakalolipiga, nalipiga. Sijisifu, mwanangu. Basi, najisifu kidogo.

Mwaka huo shuleni kwetu aliletwa mwalimu mpya wa michezo, kijana mwembamba, Mwalimu Kibwana. Huyu bwana alikuwa anaipenda Olimpiki kama wengine wanavyopenda wali. Akatutangazia kwamba mashindano ya shule za wilaya, yale yanayofanyika Kilosa mjini, safari hii yatafanana na Olimpiki kabisa. Riadha, kuruka juu, kuruka chini, tufe, mkuki. Mbio za magunia zinaondolewa. Kukimbia na ndoo kichwani kunaondolewa. Kuvuta kamba, ambako watoto wa wafanyakazi wa reli walikuwa hawana mpinzani, nako kunaondolewa.

Darasa likalipuka. Kila mmoja alikuwa na mchezo wake wa kuutetea, na siku ile ndipo nilipojifunza kwamba mtu ukimwondolea mchezo wake umemwambia asije. Wale wa reli walinuna hadharani. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kombeo je?"

Wakacheka wote. Mwalimu Kibwana naye akacheka, lakini kwa upole. "Zuhura, kombeo ni la kufukuzia ndege."

"Na mkuki ni wa nini, Mwalimu?"

"Mkuki ni mchezo wa Olimpiki."

"Kabla haujawa wa Olimpiki ulikuwa wa nini?"

Mwalimu akageukia ubao. Ukutani alikuwa amebandika picha ya mwanariadha mmoja wa nje, jitu la miraba minne, limeshika waya wenye tufe la chuma mwishoni, linajizungusha nalo. Nikainyooshea kidole. "Na huyu, Mwalimu, anafukuza ndege gani?"

Hapo darasa zima likawa upande wangu. Mwalimu alikuwa mtu wa haki, namsifu mpaka leo. Akasema tukimaliza vipindi nimwonyeshe uwanjani, aone kama kuna mchezo ndani yake au hakuna.

Tukatoka. Madarasa mengine yalikuwa bado yanasoma. Wakaweka debe juu ya mwamba wa goli, nikalidengua kwa donge la kwanza. Wakashangilia! Wakaliweka mbali zaidi, nikalidengua tena. Kichwa kikanivimba, mwanangu, nikawa sioni chini. Ndipo mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Piga kengele!" Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli, kimening'inizwa mbele ya ofisi, upande wa pili wa uwanja. Sikufikiri. Nikazungusha, nikaachia.

Ng'aaa!

Madarasa yote yakamwagika nje na mabegi, watoto wanakimbilia njia za makwao, wengine wameshafika barabarani. Mwalimu Mkuu akatoka na chaki mkononi. "Nani kapiga kengele?" Vidole vyote vikanielekea mimi, niliyesimama kule mbali, na yeye hakuamini. Akaisogelea reli, akaigusa, akaona udongo mbichi. Akautazama udongo, akanitazama mimi, akautazama tena. Naapa alitaka kucheka. Lakini alikuwa na shule nzima ya kuirudisha madarasani, na jambo la hatari ni hatari. Akasema kombeo lisionekane tena pale shuleni, wala kwenye mashindano lisitajwe.

Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira. Kwetu alikuwa anakaa mjomba wangu, Mjomba Salehe, mwamuzi wa mpira. Usimwone hivi hivi mwamuzi wa zamani: bukta yake aliipiga pasi ya mkaa kila mchezo, na wachezaji wakubwa wenye ndevu waliiogopa filimbi yake. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwaga yote. Nilitegemea atakwenda kunitetea. Badala yake aliicheka habari ya kengele mpaka akashika mbavu, kisha akawa mkali ghafla.

"Zuhura, umewaonyesha kwamba wewe unaweza," akasema. "Hujawaonyesha kwamba wao wanaweza. Kitu unachokiweza peke yako ni sifa zako. Bado hakijawa mchezo."

"Lakini anayejua ni mimi tu, Mjomba. Nifanyeje?"

"Nijibu mimi kwanza. Aliyeshinda atajulikanaje? Watazamaji watasimama wapi wasipasuliwe vichwa? Na mtoto wa Mikumi asiyejua jaruba linafananaje, atashindana na wewe vipi? Ukiyajibu hayo, nitavaa bukta yangu niende kwa Mwalimu Mkuu. Usipoyajibu, kaa kimya, waache na tufe lao."

Maneno yale yaliniuma. Nilikuwa nimebishana vizuri, nilijua nimebishana vizuri, na mjomba ananiambia kubishana hakutoshi. Nilinuna mpaka chakula cha jioni. Lakini wakati wa kula nikajikuta namwuliza, "Je, watazamaji wakikaa nyuma ya mrushaji, na tukitumia udongo mbichi tu, mawe marufuku?" Naye akaacha tonge. Tukaanza kutunga sheria pale pale kwenye mkeka, mama yangu anatuambia mchuzi unapoa. Debe juu ya mti uliosimikwa uwanjani. Aliyelikosa ametoka. Waliobaki wanarudi nyuma hatua kadhaa, wanarusha tena, mpaka abaki mmoja. Mtu yeyote akitazama anaelewa, hata bibi aliyepita njia.

Mjomba akavaa bukta yake kweli. Mwalimu Mkuu alimsikiliza, Mwalimu Kibwana akatuunga mkono, akalipeleka jambo kwa waandaaji wa wilaya, ikakubaliwa kwa sharti moja: shule nyingine zilete warushaji. Tindiga peke yetu tukishindana wenyewe kwa wenyewe, hayo si mashindano. Na nani atawafundisha hao wengine? Wote walinigeukia mimi.

Basi kila Jumamosi shule zilipokutana Kilosa kwa mazoezi, nilikuwa na makombeo begani na wanafunzi wangu nyuma. Wa Chanzuru walishika haraka, ni watu wa mashamba kama sisi. Wa Mikumi alikuja msichana mmoja, Rehema, binti wa mwenye duka la barabarani, viatu vyake safi, na tena mwenye mkono wa kushoto. Alipozungusha mara ya kwanza donge lilirudi nyuma, watu wakalala chini. La pili likaenda juu kabisa, tukawa tunatazama mbinguni tusijue litamshukia nani. Kila mtu alimcheka. Yeye alicheka kuliko sisi sote, akaokota donge jingine. Akaniambia kwao Mikumi kazi ya watoto ni kufukuza nyani mahindini kwa mawe ya mkono, na nyani anajua mkono wa mtoto unafika wapi. "Nikilijua hili," akasema, "nyani watahama."

Nilimpenda hapo hapo. Nikaanza pia kumwogopa, maana mtu anayecheka akikosea anajifunza haraka. Jumamosi iliyofuata alikuwa analipiga debe la karibu. La mbali lilimshinda, na mimi nilijua kwa nini. Alikuwa analitazama kombeo lake linavyozunguka. Siri yote iko hapo, mwanangu: kombeo usilitazame, tazama debe, na uachie ncha mkono unapopita sikio. Hilo sikufundishwa na mtu, nililipata mwenyewe juu ya kichanja.

Akaniuliza, "Zuhura, nakosea wapi?"

Nilikuwa naitaka nafasi ya kwanza kuliko kitu chochote duniani. Nilishaiona mbele ya macho yangu, Mwalimu Mkuu ananishika mkono, wilaya nzima inatazama. Na jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Kama ningelimeza, hakuna ambaye angejua, na mchezo ungeingia vile vile. Lakini aliniuliza ananitazama machoni, na maneno ya mjomba yalikuwa bado yananiwasha. Nikamshika mkono wake wa kushoto, nikaupeleka sikioni mwake. "Hapa," nikamwambia. "Na macho kwenye debe." Akarusha. Debe la mbali likaanguka. Akanikumbatia kwa mikono yake ya udongo, akaniharibia shati la shule.

Siku ya mashindano Kilosa ilijaa. Tufe lilipita, mkuki ukapita, watu wanapiga makofi ya heshima. Tulipoitwa sisi, uwanja wote ukasogea, wauza miwa wakaacha miwa yao. Mjomba Salehe mwenyewe alikuwa na filimbi, bukta imenyooka. Wa Chanzuru walitoka mmoja mmoja. Mwisho tukabaki mimi na Rehema. Tukapiga, tukarudi nyuma. Tukapiga tena, tukarudi tena. Watu wakaanza kuimba, Tindiga upande mmoja, Mikumi upande mwingine, na wale watoto wa reli walionyang'anywa kamba yao wakaamua kuimbia pande zote mbili ili mradi wapige kelele. Zamu yangu ikafika. Nikazungusha, nikaachia, nikajua palepale. Donge lilipita pembeni ya debe, nusura lililambe.

Rehema akasimama. Mkono wa kushoto ukazunguka, macho yake kwenye debe, ncha ikaachiwa sikioni. Debe likaruka kutoka mtini likabingirika vumbini.

Nakuambia ukweli wa Mungu, sauti ya kwanza kupaa uwanjani ilikuwa yangu. Sikuipanga. Nilijikuta naruka, nampigia vigelegele mtu aliyenishinda, machozi yananitoka, na kama ni machozi ya kukosa au ya kupata mpaka leo siwezi kuyatenganisha. Nilimbeba Rehema mgongoni. Alikuwa mzito, nikaanguka naye, tukacheka chini pale pale mbele ya waheshimiwa.

Lakini siku yenyewe ninayoikumbuka kuliko zote ilikuja mwaka uliofuata. Nilikwenda Kilosa na kombeo langu nikakuta warushaji wamejipanga, wengine siwajui hata kwa sura. Msichana mmoja mdogo wa Vidunda, aliyeshuka kutoka milimani kwao, alinisogelea akanipa shikamoo ingawa nilikuwa bado mtoto mwenyewe. Akaona nalitazama kombeo langu kwa wasiwasi. Akanielekeza kwa adabu sana, "Dada, kombeo usilitazame. Tazama debe." Nikamwuliza nani kamfundisha. Akataja jina ambalo sijawahi kulisikia.

Sasa jibu langu kwenu ni hili, mwanangu. Bishaneni. Mkibishana juu ya michezo ipi iingie Olimpiki nami nitakuja na kiti changu, maana wanaoamua mchezo wanaamua nani aalikwe, na hilo linastahili kelele. Lakini ukiutetea mchezo wako, au kazi yako, au jambo lolote unalotaka watu walifungulie mlango, usiishie kusema wewe unaliweza. Eleza mshindi atajulikanaje. Hakikisha hakuna atakayeumia. Kisha nenda kwa yule asiyelijua, mwenye viatu safi na mkono wa upande mwingine, umpe hata ile siri uliyoipata peke yako. Mchezo wa kweli ni ule ambao mtu uliyemfundisha anaweza kukushinda. Ukiogopa hilo, ulikuwa unajipenda mwenyewe, mchezo ulikuwa kisingizio.

Mungu akupe mkono mwepesi na roho pana. Akujalie watu wa kubishana nao wasiokuchukia, na mpinzani wa haki anayekufanya ujitume. Na siku atakapokushinda mbele ya watu wote, akupe pumzi ya kumshangilia wewe wa kwanza. Amina, mwanangu.