Kikohozi cha Dakani

Katika nyumba za kwetu Lamu, mwanamume haingii moja kwa moja. Husimama dakani, pale kwenye baraza la mlangoni, akakohoa kidogo ili wanawake walioko ndani wapate kujitanda. Hata mwenye nyumba hukohoa. Nimekua nikiisikia sauti hiyo bila kuifikiria, hadi ilipoanza kumtesa shangazi yangu.

Mumewe alipelekwa Mombasa kutibiwa, akafia huko. Aliyeleta habari alikuwa ndugu wa marehemu. Alikohoa dakani, shangazi akaitika kwa uchangamfu akidhani ni mgeni wa chai, na kabla hajakaa vizuri akawa mjane. Tangu siku hiyo kikohozi chochote mlangoni kilimtetemesha. Mara moja alianguka, akapasuka kipaji cha uso. Daktari akasema presha yake haitastahimili mishtuko ya namna hiyo.

Wazee wakasema ni jicho la hasidi. Wakamletea kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, akanywa. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na somo langu la tabia, na sikuridhika. Tulifundishwa kwamba kichocheo kisicho na maana kikiandamana na jambo la kutisha, baadaye chenyewe hutosha kutisha. Mbwa wa maabara hudondokwa na mate kwa kengele. Shangazi hutetemeka kwa kikohozi. Maelezo yalikuwa safi mno, nikayashuku nayo. Mbwa yule hakuwa amefiwa.

Kilichonisumbua zaidi ni huruma yetu. Wanaume wote wa ukoo waliacha kukohoa kwake. Walimtanguliza mtoto, au walipitia mlango wa nyuma. Kila kikohozi kilichoepukwa kilimpa nafuu, na nafuu ile ikamzidishia kuepuka. Darasani tuliliita jambo hilo uimarishaji hasi, na wengi waliuchanganya na adhabu. Si adhabu hata kidogo. Ni raha ya kuondolewa kero, ndiyo maana haiachiki. Hofu hufifia pale kichocheo kinapokuja tena na tena bila balaa, nasi hatukukipa nafasi ya kuja. Nilipomweleza baba, akanijibu kwamba nikitaka kujaribu vitabu vyangu nijaribu kwa paka, paka wamejaa mji mzima.

Kisha binti wa pekee wa shangazi akashikwa na uchungu wa uzazi huko Kipungani, akaletwa hospitali kwa boti huku damu ikimtoka. Shangazi alikatazwa kwenda kwa ajili ya presha. Akabaki nyumbani kwake Wiyoni na majirani, simu ameizima, kwa kuwa hata mlio wake sasa ulimtia hofu ile ile.

Alasiri binti akajifungua salama. Nikatumwa mimi.

Nilifika dakani nikasikia sauti za wanawake ndani. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na mtoto wa kumtanguliza hakuwapo. Kuingia kimya ni kuwakuta majirani vichwa wazi, tena nikawaza kwamba nitamfundisha kuogopa hata ukimya. Ningeweza kupaza sauti kwamba wote ni wazima. Lakini aliyeleta habari za kifo cha mumewe naye alianza hivyo hivyo. Kwetu kila habari huanza kwa kuwa njema. Nikauona akilini moyo wake ukisimama kabla sijafika kwenye neno la pili, nami nikiwa ndiye niliyeusimamisha. Kama hofu ni lazima, heri ya kikohozi, kipate kufuatwa na habari njema.

Nikakohoa.

Nguo zikavutwa upesi huko ndani.

“Amekufa nani?” shangazi akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei.

“Hapana aliyekufa, Shangazi. Binti yako amejifungua mtoto wa kike. Nimewaona wote wawili.”

Waliponiruhusu kuingia, nilimkuta ameegemea ukuta, midomo imepauka, jirani amemshika kiunoni. Hakuwa amesikia chochote baada ya kikohozi. Niliyarudia maneno, nikamwonyesha picha ya mtoto kwenye simu, na hata hapo aliitazama muda mrefu akitafuta kasoro. Mwishowe akakaa chini, akaomba maji. Mshipa wa shingoni ulikuwa bado unamdunda.

“Toka nje, mwanangu,” akasema. “Ukohoe tena, kisha uingie uniambie vile vile.”

Majirani wakanigeukia, wakidhani nimempa mimi somo hilo. Sikuwa nimempa.

Nikatoka, nikasimama dakani, na sasa aliyeogopa kikohozi nikawa mimi.

“Bado nangoja,” Shangazi akaniita.