Jumapili Susu Alipofua

Harufu iliyoniamsha ilikuwa ya sabuni ya kipande, ile ya bluu, na kabla sijafungua macho nilijua kuna jambo limeharibika nyumbani kwetu. Siku nyingine yoyote ningejigeuza tu nikaendelea kulala. Lakini ilikuwa Jumapili, na katika boma letu, juu kidogo ya Mumbuni, pale barabara inapouacha mji wa Machakos na kuanza kupanda mlima, sabuni ya kufulia haikuwahi kunuka Jumapili tangu nizaliwe. Moshi wa kuni, sawa, kidogo, wa kupashia chai. Mafuta ya kujipaka, sawa. Sabuni? Jumapili? Nililala nimeyakodolea macho mabati, nikijiuliza kama amekuja mgeni asiyejua sheria zetu, au kama ni mimi niliyekosea siku.

Sheria zenyewe zilikuwa za Susu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na huyu wangu alikuwa mamake baba. Baba alifariki mapema, hata sura yake naijua kwa picha tu, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: Susu, Mama, na mimi Mumbua, wa darasa la pili, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Kwa Susu kazi zote zilikwisha Jumamosi. Muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, ulichemka na maharagwe mchana kutwa hadi ua mzima ukanukia. Tulichota maji mpaka mitungi yote ikajaa, tukapasua kuni, tukapaka viatu rangi, hata kuku wakatengewa mahindi yao ya kesho. Jumapili ufagio ulisimama nyuma ya mlango na ole wako uuguse. Wakati mmoja nilisahau kufua soksi za shule, nikajaribu kuziosha Jumapili jioni, kisirisiri, nyuma ya choo. Susu alininusa! Alimwaga yale maji yote, akanirudishia soksi zangu na uchafu wake, na Jumatatu mwalimu akanisimamisha mbele ya paredi nzima. Nilipomlilia Susu, alisema Mungu amenipa siku sita za kufua, na kama sita hazinitoshi, basi mwenye makosa si Mungu.

Mama naye alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo kule Athi River. Alishona mifuko ya suruali, mifuko ya nyuma tu, tena ya upande wa kulia, na nilipenda kumtania kwamba hajawahi kuona suruali nzima. Juma lote alikaa huko, katika chumba walichokodi na wenzake wawili. Alikuja nyumbani Jumamosi jua likitua, akaondoka Jumatatu alfajiri. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa rahisi: siku sita Mama ni wa kiwanda, siku moja ni wangu. Wacha! Jumapili Mama alikuwa wa kila mtu isipokuwa mimi. Ibada ya kwanza aliimba kwaya. Ya pili aliimba tena, kwa sababu bila sauti yake wenzake walipotea njia katikati ya wimbo. Ibada ikiisha kulikuwa na kikao cha akina mama, ambako yeye ndiye katibu kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, kisha kumtembelea mgonjwa, kisha kikao cha kuchangia mabati ya kanisa. Akirudi nyumbani jua limeshahamia upande wa pili, ananiosha miguu akisinzia, sabuni ikimponyoka mkononi. Watu walimsifu sana, walisema huyo mama ako na moto wa injili. Nami sitadanganya, nilijivunia kumwona mbele ya kanisa katika ile sare, gauni la bluu na kitambaa cheupe cha kichwa kilichopigwa pasi hadi kikawa kigumu kama karatasi.

Ila nilikuwa na kitu changu cha kumwonyesha. Jino langu la mbele lilikuwa limetoka, na sikulirusha juu ya paa kama watoto wengine. Nililiweka ndani ya kiberiti kitupu nikamngojea Mama. Jumapili ya kwanza aliniambia, "Ngoja nitoke kikao." Ya pili kulikuwa na mgonjwa. Ya tatu nililibeba kanisani mfukoni, kiberiti kikilia kila nilipopiga magoti, hadi mzee mmoja wa kanisa akanikazia macho nikatamani ardhi inimeze. Jioni hiyo Mama alisinzia kabla sijakifungua. Jamani, pengo lenyewe lilikuwa katikati ya mdomo wangu! Makanga wa stendi ya mji alikuwa ameliona akanicheka, lakini mama yangu mzazi, aliyekuwa akinibusu kwaheri kila Jumatatu, hakuliona. Hilo liliniuma kuliko jino lenyewe lilipong'oka.

Jumamosi iliyofuata Mama alifika na kidole kimefungwa bendeji. Susu alipouliza, Mama alicheka, akasema alisinzia kidogo tu kwenye mashine, sindano ikapita kwenye ukucha ikatokea upande wa pili, lakini waliitoa vizuri. "Vizuri!" Susu akarudia hilo neno, akamtazama. Tukaketi kula. Mama alitia kijiko mdomoni, akatafuna mara mbili, akaacha. Nilidhani ameuma jiwe. Kumbe amelala! Amelala ameketi wima, chakula kikiwa mdomoni, na macho hayakufumba vizuri, yalibaki na kijiufa cheupe ambacho bado nakiona hata leo. Nilipiga yowe nikijua mama yangu amekufa. Susu alimtoa ule muthokoi mdomoni kwa kidole, kama mtoto mchanga, akampeleka kitandani, akarudi akaketi mahali pake.

Basi kesho yake ndiyo ile asubuhi iliyonukia sabuni. Nilitoka nje pekupeku, nikazunguka jikoni, na pale nyuma, kwenye jiwe letu la kufulia, nikamkuta Susu. Susu mwenyewe! Amekunja mikono ya gauni lake la kanisani, amepiga magoti, povu limemfika kwenye viwiko. Ndani ya beseni mlikuwa na sare ya Mama, gauni la bluu likiachia rangi majini, na kile kitambaa cheupe kikielea juu. Nilitazama mbinguni, haki ya Mungu, nilitazama juu nione kama kuna kitu kinashuka. Susu aliinua kichwa akanitazama bila haya yoyote. "Usipige kelele," aliniambia. "Mama yako amelala."

Lakini Mama aliamka kwa mazoea, akaanza kuitafuta sare yake chumbani, kisha tukamsikia akifungua sanduku, kisha akatoka nje amejifunga leso. Alisimama pale akitazama beseni kama mtu aliyeona nyoka.

"Mwaitu, umefanya nini?" Mwaitu ni mama, na ndivyo alivyomwita mama mkwe wake.

"Nimefua."

"Leo? Jumapili?"

"Jumapili."

"Sasa nitavaa nini, na mimi ndiye katibu? Wacha nivae hata lile gauni la maua."

"Hilo nalo nimeloweka," Susu akasema, akalivuta kutoka ndani ya beseni alionyeshe. "Na lile la kijani. Yote iko na maji, Mama Mumbua. Rudi ulale."

Mama alianza kulia, si kwa sauti, machozi tu, huku akisema watu wanamngojea na Mungu atamwonaje. Ndipo Susu aliponyanyuka, maji yakimchuruzika mikononi, akasema maneno ambayo hayajanitoka kichwani. "Mungu alipumzika siku ya saba, na yeye hakuwa amechoka. Wewe umechoka. Sasa nani amekudanganya wewe unamshinda Mungu?" Kisha akamshika mabega, akamgeuza kuelekea mlangoni. "Dhambi ya kufua nimeichukua mimi. Wewe kazi yako ni kulala."

Hatukukaa sana, mwenyekiti wa akina mama akaja kumchukua katibu wake. Aliitwa Mama Kioko, mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye hakuwahi kumfanyia mtu ubaya. Alisimama langoni akaona kamba ya nguo imejaa tangu mwanzo hadi mwisho, maji yakidondoka, mbele ya barabara ambayo kanisa zima lilikuwa likipita. Biblia ilimponyoka ikaanguka.

"Susu wa Mumbua, ni wewe unafua Jumapili? Wewe?"

"Ni mimi. Andika jina langu."

"Lakini Mama Mumbua tunamhitaji. Ako na daftari ya kikao!"

Susu aliingia ndani, akatoka na daftari, akamkabidhi kwa mikono miwili kwa heshima zote. "Daftari ndiyo hii. Mtu amelala."

Mama alilala. Alilala ibada ya kwanza ikaisha, tukasikia kengele ya pili, akalala nayo hiyo ikaisha. Mimi nilikaa kwenye mkeka kando ya kitanda nikimfukuzia nzi, nikiwa na hofu mbili: kwamba moto utashuka juu ya Susu, na kwamba Mama hataamka. Alasiri akafumbua macho. Alinitazama kwa muda mrefu, kama anajaribu kukumbuka mahali alipo. Nilimtabasamia. Akakaa kitandani ghafla, akanishika kidevu.

"Mumbua! Hilo jino lilitoka lini?"

Nilitoa kiberiti mfukoni nikampa. Nikamwambia hii ni Jumapili ya nne. Alikifungua, akalitazama lile jino, akahesabu Jumapili kwa vidole, na alipofika kwenye kile kidole chenye bendeji akaniangukia begani akalia, safari hii kwa sauti. Baadaye tuliketi nje wote watatu tukala muthokoi baridi, akanisuka nywele, akaniuliza mambo ya shule, akacheka mpaka akajishika mbavu niliposimulia ile paredi ya soksi. Jua lilipotua hakuwa amefanya lolote la maana, na mimi sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Moto haukushuka, ila barua ilikuja. Wazee wa kanisa walimwita Susu. Alienda akakiri mbele yao kwamba alifua, tena nguo nyingi, na wasipomwachia mke wa mwanawe Jumapili moja ya kupumua, atafua tena na atazianika palepale. Wakamweka nyuma. Miezi mitatu yule mwanamke aliyekuwa ameketi benchi la mbele tangu kanisa likiwa la udongo alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, meza ya Bwana ikimpita. Nililiona hilo kuwa la kutisha, kwa sababu nilijua alivyoipenda meza ile. Nilimwona siku ya kwanza mkate ulipopita, akifumba macho na kukaza mikono mapajani. Nilienda nikaketi naye, akanisogezea nafasi. Lakini vikao vya baada ya ibada Mama hakuitwa tena, daftari lilipata mwandiko mwingine, na toka siku hiyo ibada moja ikiisha tulishuka nyumbani sote, mikono mitupu.

Nimeyaandika haya kwa sababu ya baiskeli. Susu hayuko tena. Mimi siku hizi naishi Syokimau, kwenye fleti ya orofa ya tatu, na nina kazi ya ofisini isiyochoma mtu sindano. Jumapili zangu? Aibu naona. Naenda ibada ya asubuhi, halafu kamati ya ujenzi ambayo mimi ndiye katibu, kisha kuna wale tunaoombea ndoa, na simu inalia toka alfajiri kwa makundi matano ya watu wa Mungu, kila moja likiuliza nani ataleta maua. Mwezi uliopita nilipokuwa nikitoka mbio kwenda kikao cha mchana, nilimwona binti yangu Mwende, miaka minane, akija juu ya baiskeli pale kwenye maegesho, kwa kasi, nywele zimetimka. Nilipiga yowe aende taratibu, nitakuja kumshika. Mtoto alinipita akicheka. "Mama, mimi najua kitambo!" Nikauliza ni nani alimfundisha. Ni bawabu wa langoni. Alimfundisha Jumapili, Jumapili nne, akamshikia kiti akikimbia nyuma yake hadi akajua, nami nilikuwa nikipita hapohapo na daftari langu kwapani. Nilisimama pale kwenye jua kama niliyepigwa kofi. Ala! Nilihisi kile kiberiti mfukoni mwangu, ila safari hii mwenye jino alikuwa ameshachoka kuningojea, akalionyesha kwa mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata sare yangu ya kanisa ilikuwa imepigwa pasi, inaning'inia mlangoni. Niliitazama sana. Hakuna mtu nyumbani mwangu wa kuniibia sare ailoweke, na Mama siku hizi ni mzee, ako zake Mumbuni, analala mchana bila kuomba ruhusa ya mtu. Nikachukua beseni. Nilitia maji, nikatia sabuni ya kipande, nikaikandamiza sare mpaka chini, nikageuka kutazama kama Susu amesimama nyuma yangu na zile soksi zangu. Simu ikalia. Ilikuwa mwenyekiti wetu, akiuliza niko wapi, watu wamefika, kalamu na daftari ninazo mimi.

"Nafua," nikamwambia.

Kisha akauliza polepole, "Leo? Jumapili?"

Nikamjibu kuwa ndiyo, Jumapili, na daftari nitaliacha kwa bawabu, atume mtu alichukue. Nikazima simu, nikafuta povu mikononi, nikashuka ngazi kwenda kumshikia Mwende kiti cha baiskeli, ingawa hakuhitaji tena kushikwa.