Shule ya Siku ya Sherehe

Ipo siku moja ya Julai ambayo mpaka leo naikumbuka kwa aibu, mwanangu, na nimeona nikusimulie kabla hujamhamisha binti yako.

Juzi ulikuja hapa kwangu Ruashi ukanionyesha kwenye simu shule za Ulaya, za China na za Rwanda. Watoto ishirini darasani, kila mmoja na meza yake. Halafu ukasema kwamba shule yetu ya serikali ni zizi la mbuzi, na binti yako alikuwa amekaa pale pale akisikiliza. Sikukujibu, maana nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa nasema ovyo. Sasa nimetulia.

Nilikuwa mwalimu kijana kwenye shule ya mtaa wa Kamalondo, darasa la tano, mwaka wangu wa pili kazini, na hapakuwa na kitu ambacho sikukijua. Likizo kubwa ilipofika nilivuka mpaka pale Kasumbalesa kwenda kumtembelea shangazi yangu Chililabombwe, upande wa Zambia. Kwao shule zilikuwa bado hazijafungwa. Shangazi akanipeleka kwenye shule ya serikali ya mtaa wake, siku ya wazazi. Nikaona sakafu inang'aa, soksi nyeupe, watoto wanasimama mmoja mmoja na kujibu kwa Kiingereza bila kubabaika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, utadhani ile shule niliijenga mimi.

Septemba tulikuwa na mkutano wa wazazi. Wanafunzi wakubwa walikuwa nyuma, wamebeba viti. Nikapewa nafasi ya kusema maneno mawili, nikasema mia. Nikawaambia wazazi kwamba wenzetu wa Zambia wanasoma, na sisi tunalea watoto tu mpaka wakue. Watu walicheka, na mimi nilikipenda kile kicheko.

Mzazi mmoja, Papa Monga, hakucheka. Alikuwa mtu wa Manono, baba yake alifanya kazi ya reli, na aliamini neno la mwalimu kama neno la padri. Binti yake Ngoie alikuwa kwenye kalasi yangu, yaani darasa langu, mwenye akili kuliko wote, mkono wake juu kabla sijamaliza swali. Krismasi ilipopita Papa Monga alimtoa shule akampeleka kwa ndugu yake Chililabombwe asome huko. Alikuja kuniaga na kuku mkononi kunishukuru. Nilimpokea yule kuku, mwanangu, na nikamla.

Mkuu wetu wa shule, Mzee Kaseba, tulimwita Direkteri. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakunigombeza. Mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekaza, aliniita ofisini.

"Kesho utarudia kule Zambia," akasema. "Usipashe muntu habari. Ingia mu kalasi, ikala nyuma, angaria."

"Direkteri, nilishaonaka ile masomo."

"Hapana. Bale ulibaona siku ya feti, siku ya sherehe. Siye unatuonaka kila siku."

Nilikwenda nikiwa nimenuna. Nilifika Jumatano, nimelowa, na mwalimu niliyemwona Julai alinipokea kwa mshangao. Paa lilikuwa linavuja juu ya dawati la tatu. Watoto walikuwa wamebanana wanne wanne kwenye madawati ya watu wawili, na chaki ilikuwa kipande kidogo kama ukucha. Nikamuuliza kwa Kibemba, ambacho sote wawili tulikijua, wale watoto wa Julai wako wapi. Akacheka sana. Akaniambia lile somo walilifanyia mazoezi wiki nzima, na wale wasiojua kujibu walipelekwa uwanjani kucheza mpira.

Sisi pia tulifanya hivyo hivyo kila inspekta alipokuja. Hata uwanja ulikuwa ule ule, kwa namna ya kusema.

Lakini sikuona ubaya peke yake. Mtoto mmoja alikosea hesabu ubaoni. Kwetu ningeuliza darasa zima, "Ni kweli?" na darasa zima lingepiga kelele, "Non!" na mtoto angerudi kukaa. Yule mwalimu hakufuta. Alimwambia mtoto aeleze alivyofikiri, akasubiri mpaka mtoto akaliona kosa mwenyewe. Mimi nilijifunza hilo pale, kwenye darasa lililovuja, na sikujifunza chochote siku ya soksi nyeupe.

Halafu akaniuliza, "Huyu msichana wenu anapiga hesabu kichwani kuliko mimi. Nyinyi mnawafundishaje?"

Nikauliza msichana gani. Akanipeleka darasa la pili.

Ngoie alikuwa amekaa nyuma kabisa, miaka kumi na miwili, katikati ya watoto wa miaka saba. Hakujua Kiingereza, kwa hiyo walimrudisha mpaka huko, na sidhani walifanya vibaya. Sisi tungemfanya nini mtoto asiyejua Kifaransa? Magoti yake hayakuingia chini ya dawati, ameyaweka pembeni, njiani. Aliponiona hakusimama.

"Mama mwalimu," akasema polepole, "bale batoto bananiita nkambo."

Bibi. Watoto wa miaka saba walikuwa wanamwita bibi. Nilitaka kucheka ili yapite, ikashindikana.

"Unataka kurudia kwetu?"

"Njo nataka. Lakini kule ulisema hatusomake."

Alisikia, mwanangu. Alikuwa miongoni mwa wale waliobeba viti.

Nilirudi nikamweleza Papa Monga yote, wima mbele ya mlango wake, na nikamwomba msamaha. Akafunga safari kwenda kumchukua mtoto wake. Direkteri alimpokea, lakini mwaka ulikuwa umeshapotea, ikabidi arudie darasa la tano. Akafika la sita, ambalo nalo nilipewa mimi kulifundisha, akafaulu mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Watu wakasema mambo yameisha. Mimi niliyekuwa mbele ya lile darasa najua kwamba katika miaka ile yote miwili Ngoie hakunyoosha mkono hata mara moja. Nikimuuliza alijibu, na alijibu sawasawa, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Nilimwomba baba yake msamaha. Yeye sikumwomba. Siku zile mtu mzima hakumwomba mtoto msamaha, na mimi nilikuwa mwalimu. Alikua, akaolewa Kolwezi, na nafasi ikanipita. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nisikie. Sisemi shule zetu ni nzuri. Tangu shule ya msingi ya serikali iwe ya bure, nimeona madarasa ambayo mwalimu hapati pa kupitisha mguu, na ukitaka kupiga kelele, piga, nenda kwenye kamati ya wazazi ukaseme mpaka wakuchoke. Linganisha pia, hakuna dhambi kulinganisha. Lakini pima siku ya kawaida ya wenzako na siku ya kawaida ya kwako, na ukiona jambo jema kwao, lilete nyumbani ulifanye. Ile simu inakuonyesha siku ya wazazi tu. Na usiitukane shule ya mtoto mbele ya mtoto, kwa sababu kesho asubuhi ni yeye atakayeingia mle ndani, si wewe.

Ukitaka kumhamisha, mhamishe, wewe ndiye mama yake. Ila leo, kabla hajalala, mwite umwombe msamaha kwa yale uliyosema kwangu. Itakuwa vigumu, ulimi utakuwa mzito. Mwombe hivyo hivyo.

Mungu akufungue mdomo, mwanangu, na binti yako anyooshe mkono maisha yake yote.