Sare Kumi na Mbili za Mwenyewe

Huku mtaani Kamalondo mwenye pesa hupandishwa cheo kwa midomo ya watu. Akinunua gari, ni boss. Akijenga ghorofa, patron. Akipata mgodi, mukubwa. Yuko mmoja aliyeyamaliza majina yote, na sasa anaitwa Mwenyewe tu, tena kwa sauti ya chini, maana hakuna anayejua ni kitu gani kimebaki ambacho si chake.

Alima, mjane wa Kimaniema na fundi cherehani, alimwogopa kwa sababu ya shamba lake la mahindi kule Kasungami. Majirani zake wawili walikwishafukuzwa. Jumapili alikuta mawe ya mpaka wake yamepakwa rangi nyekundu, kama yao kabla hawajafukuzwa. Shamba hilo ndilo lililomlea mwanawe Yuma tangu baba yake afariki.

Alhamisi akaja Sylvain, mtumishi wa Mwenyewe, na karatasi ya vipimo vya walinzi, akitaka sare zao kufikia Jumamosi.

"Mama Alima, iko kazi. Tenues kumi na mbili za bagarde. Samedi zikuwe tayari."

"Bagarde ba wapi?"

"Ba Kasungami. Kuko bantu banakatala kutoka mu mashamba."

Alima aliipokea karatasi. "Nitashona. Lakini shamba yangu mutaiacha."

"Nitamuambia Mwenyewe," alisema Sylvain, akiangalia simu.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alima alishona siku mbili, akijipa moyo kwamba sare nzuri zitamlainisha tajiri. Karatasi haikuwa na majina, vipimo tu, na fundi mzuri humwona mtu katika vipimo vyake. Alipofikia vipimo vya mtu wa kumi na mbili, mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili. Mkasi ukamponyoka. Yuma alivunjika mkono huo akiwa na miaka sita, ukaungwa vibaya.

Jioni, wakila bukari, ugali wa mahindi ya shamba lile, alimwuliza mwanawe, "Kazi yako kule depot ya mizigo inaendelea?"

"Iko muzuri, mama," alijibu Yuma bila kuinua macho.

Alima aliinuka akarudi kwenye cherehani. Usiku huo aliukata mkono wa sare ya kumi na mbili uwe mfupi, kama alivyokata mashati yote ya shule ya Yuma.

Jumamosi asubuhi Sylvain alizichukua sare, na mchana Alima alisimama katikati ya mahindi yake. Walinzi walishuka kwenye lori, kumi na wawili. Kumi na mmoja walimtazama usoni. Wa mwisho alitazama chini, panga mkononi, na sare yake ndiyo iliyomkaa vizuri kuliko zote.