Beta imeisha, kila mtu anasema anachotaka game ikitoka. Fundi cherehani wa Mugumu alitaka kitu kimoja tu

Wakuu, salaam kwenu wote mliomo humu.

Nimesoma nyuzi zenu za "tunategemea nini game ikitoka rasmi". Graphics, drop rate, server ya Afrika Mashariki. Sipingi hata moja. Mimi naweka tu kilichotokea kwetu kwenye beta, yale majaribio kabla game haijatoka, bila kuongeza chumvi. Jina la game silitaji, tulikubali masharti.

Nina stationery hapa Mugumu. Kompyuta nne na mashine ya photocopy.

Guild yetu, yaani kikundi chetu ndani ya game, ilikuwa ya watu watatu. Mimi nilikuwa tank, yule wa mbele anayezuia mapigo. Bhoke, dada anayeuza vipodozi kule Sirari mpakani, alikuwa mpiga mishale. Wa tatu Idrisa, mtu wa upanga.

Idrisa kwao ni hapa hapa mjini. Alikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa pili, rashi ya dhahabu, watu kukimbilia machimbo, ilipoanza upande wa Nyamongo. Akaacha chuo, akaenda kuchimba.

(Msimcheke. Kipindi kile kuna watu walikuwa wanaomba ruhusa ya ugonjwa kazini, kesho yake unasikia wako mashimoni.)

Baba yake, Mzee Abdala, ni fundi cherehani, baraza yake imepakana na duka langu. Alimwambia mwanawe kwa hasira: ukienda huko, usinipigie simu.

Idrisa hakupiga. Mwaka ukaisha.

Ila game alikuwa anacheza. Kambini kwao mtandao ulikuwa mzuri kuliko wetu wa mjini, maana watu wakijaa sehemu, mnara nao unafuata.

Asubuhi moja Mzee akaingia dukani, simu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwita, nasikia mnaongea na Idrisa."

"Hatuongei sana mzee. Tunacheza."

Akanisogezea simu yake. "Basi na mimi nifundishe kucheza. Ila usimwambie."

Nikamuwekea game kwenye simu. Tukafika kwenye kuchagua kazi ya mhusika. Nikamweleza zote, huyu anapiga kwa mbali, huyu anazuia, huyu anaiba.

Akauliza, "Ipi inakaa karibu na mwenzake?"

Nikamwambia healer, anakaa nyuma ya wenzake akiwatibu. Akachagua hiyo. Jina akaandika Mgeni.

Wakuu, niseme ukweli, alikuwa healer mbovu. Wiki mbili za kwanza tulikufa hovyo. Mimi nikibaki na damu kidogo, yeye anamtibu Idrisa ambaye hajaguswa. Bhoke akaandika kwenye chat: "Huyu Mgeni wenu ako sawa kweli? Anatibu mtu mmoja kama nesi wa familia."

Nikajibu tu, "Atazoea." Nilishaahidi.

Baadaye akazoea. Akimaliza kukata kitambaa anakaa kwenye kiti chake, miwani puani, anaingia. Hakuwahi kumuuliza Idrisa swali lolote la maisha. Alikuwa anaandika tu "twende" na "pole".

Kisha ikaja habari kwamba shimo limetitia kambini kwao. Watu wamefukiwa, majina hayajulikani.

Mzee akapiga simu ya Idrisa, haiiti. Akaja dukani akasimama mbele ya kompyuta yangu, tunatazama orodha ya guild. Jina la Idrisa lilikuwa la kijivu, maana yake hayumo mchezoni.

Siku ya pili, kijivu.

Siku ya tatu nilikuwa natoa photocopy ya mtu, nikasikia Mzee anavuta pumzi. Jina limegeuka kijani. Idrisa akaandika: "Niko poa. Simu ilipotelea huko chini, hii ya kuazima."

Mzee akarudi kwenye cherehani, simu yake akaiacha kwenye kaunta yangu mpaka jioni.

Wiki chache mbele wenye game wakatangaza mwisho wa beta. Kila kitu kitafutwa: level, silaha, wahusika, guild. Mkaanza kuandika matarajio yenu humu. Bhoke alitaka lag, ule mchezo kukwamakwama, iishe. Idrisa alitaka begi kubwa la kubebea mizigo.

Mzee aliniuliza, "Na wale ulionao humo ndani, wanabaki?"

"Hapana mzee. Vyote vinafutwa."

"Hata majina?"

"Hata majina."

Siku ya kufunga ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Wenye game walifungulia madude makubwa kwenye mji wa ndani ya game, wachezaji wote tufe pamoja, iwe kama sherehe. Tumesimama getini, zimebaki dakika sita. Ndipo Mgeni akaandika kwenye chat ya guild:

"Idrisa. Mimi ni baba yako."

Idrisa akajibu:

"Najua baba. Tangu zile wiki tulizokuwa tunakufa. Shikamoo."

Mzee akaandika marahaba. Halafu: "Mbona hukusema?"

"Niliogopa utaacha kuja."

Bhoke naye akaandika, "Ngai, nimemtukana mzee wa watu." Kabla hajajibiwa server ikafungwa.

Jumapili iliyofuata Idrisa alikuja Mugumu. Amekonda, kucha zote zimeharibika. Walikaa barazani muda mrefu. Mmoja anatazama barabara, mwingine anakunja kitambaa ambacho kimeshakunjwa.

Mwisho Mzee akasema, "Ikitoka rasmi, mimi nataka kujaribu upanga. Nimechoka kukaa nyuma."

Idrisa akacheka. "Basi acha mimi niwe healer." Wakaanza kubishana, na walibishana mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu Idrisa alirudi machimboni. Chuo hajarudi, na sijui kama atarudi. Ila anapiga simu.

Nilichojifunza: hizi game tunaziongelea kama mashine, fps na drop rate, wakati mwingine mtu ameingia humo kwa sababu ndio mlango pekee uliobaki wazi. Ukikutana na healer mbovu, usimfukuze haraka.

Kwa hiyo matarajio yangu kwa launch ni moja: wasifute friends list, ile orodha ya marafiki.

Nyie mliokuwa beta, mlikuwa mnacheza na nani? Wekeni hapa, nasoma zote.